Ghala la Watu Wote

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kanisa huko Masisi. Mashamba yetu yalipochukuliwa yapandwe kahawa ya mzungu, alisema amechoka kuona mtu akimnunua mwenzake kwa faranga. Tulishuka familia tisa hadi msitu wa Walikale, tukaomba ardhi karibu na Mpofi, na wenyeji wakatupa. Tulikubaliana shamba liwe moja na ghala moja, asiwepo wa kuuza wala wa kuitwa bwana.

Mwaka wa kwanza niliamini kabisa. Kapita aliyetusimamia kule kwenye kahawa alikuja nasi, akalima katikati ya watu aliokuwa akiwapiga, na jioni walikula sombe ya majani ya muhogo katika sahani moja. Nilimwona mume wangu akigeuza uso ili tusione machozi yake.

Lakini chakula kilihitaji mtu wa kukigawa, wakamchagua mume wangu kwa sababu alijua kuandika. Wanawake wakaanza kunisalimu mimi kwanza. Nilipokuwa na mimba, mmoja wao, mjane mwenye binti mdogo, alinichotea maji. Nilijifungua, mtoto akaanza kutambaa, naye bado alinichotea. Sikumwambia aache.

Kisha mvua ikazidi na maharagi yakaoza shambani. Mume wangu alipunguza mafungu, akamweka yule kapita mlangoni mwa ghala. Nyumbani alileta kikapu cha unga, akasema ni cha wageni. Nilikisukuma chini ya kitanda bila kumwuliza ni wageni gani.

Asubuhi moja mjane alikuja. Binti yake alikuwa anakohoa na hakuwa amekula tangu jana yake. Nilimwambia angoje siku ya kugawa. Hakubisha, aliinama kuchukua mtungi wangu kando ya kitanda, na alipoinama akaona kikapu.

“Mama,” aliniuliza polepole, “hii chakula iko ya batu bote, ao iko ya nyumba yenu?”

“Iko ya bote,” nilimjibu. “Njo maana siwezi kukupa.”

Niliyasema hayo bila kuona haya. Nilidhani ni haki.

Aliondoka na mtoto kuelekea Hombo, kwa kuwa watu walisema wanaotengeneza barabara huko wanapewa posho ya chakula. Wiki kadhaa baadaye wachukuzi wa chumvi walituambia kwamba mtoto alizikwa njiani. Mama hatukupata habari zake tena.

Hakuna aliyenilaumu, ingawa habari za kikapu chetu zilikuwa zimeenea. Siku ya kugawa ilipofika, kila mwanamke alikuja na kikapu chake, akampita kapita mlangoni, akajaza alivyoweza, akaenda kukificha. Mume wangu alisimama pale na daftari mkononi. Polisi walipokuja kudai kodi, hatukuwa na kitu cha kutoa, na wanaume wakarudi Masisi kufanya kazi kwenye kahawa. Mume wangu alipewa kazi ya kuandika majina ya vibarua.

Miaka ikapita. Karibu na kufa kwake aliniuliza kama watu wengine, mahali pengine, wangeweza kuishi kwa ghala moja. Nilijua jibu alilolitaka: kwamba sisi ndio tulikuwa wabaya, na wema watakuja. Nilimwambia kweli. Tulikuwa watu wa kawaida, na baadhi yetu walikuwa wazuri kuliko wote niliowajua tangu siku zile.

Aligeukia ukuta. Hakuniuliza tena.