Mapigo Niliyoyawekea Akiba

Harufu ya majani ya mgomba yaliyokatwa asubuhi bado hunirudishia swali lililoninyima usingizi nikiwa na miaka tisa: moyo ukipiga mbio namna hii, utachoka lini? Ilikuwa likizo ya Desemba, karibu na Mikinduri. Nyanya alinikalisha barazani nimsaidie kufunga miraa kwa majani hayo, kwa sharti moja: anayefunga hatafuni, hasa msichana. Nilitafuna. Vijiti vitatu tu, vyororo, alipoingia jikoni kuchochea moto. Kufikia saa kumi moyo ulikuwa ukigonga mbavu kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mwalimu alitufundisha kwamba moyo ni pampu, na pampu niliyoijua ni ya jirani, iliyoachwa ikinguruma kutwa hadi ikaungua. Nikaamua kuyawekea mapigo yangu akiba. Sikukimbia, sikuruka kamba. Mtoni nilienda polepole nikihesabu, vidole shingoni. Miraa ilikwisha mwilini, lakini hofu ikaendelea kuuchapa moyo, nami nikadhani ni miraa ileile. Kusema kulikuwa kukiri wizi. Kunyamaza kulikuwa kufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliona nimeshaumbuliwa.

“Umekuwa jiwe la mekoni?” Nyanya aliniuliza siku ya nne. “Hata kuku wanakuzunguka.” Akanishika mkono, tukapanda mwinuko wa shamba hadi juu, yeye na kuni mgongoni. Pale akavitoa vidole vyangu shingoni mwangu, akaviweka shingoni mwake. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko wangu. “Ngoja,” akasema. Tukangoja. Ukatulia, pigo kwa pigo. “Kama ni wa kuisha, wangu si ungeisha zamani?”

Sasa nina shahada ya fiziolojia, niliyoisomea Embu. Najua molekuli za miraa huichochea mishipa ya fahamu kumwaga kemikali zilezile ambazo hofu huzimwaga. Kujua hakujanifungulia mlango. Nikingoja majibu ya maombi ya kazi bado nahesabu, vidole shingoni, nikijiuliza kama ni hofu au ni ugonjwa, au ni hofu ya ugonjwa. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, niliketi na Nyanya kwenye baraza ileile, nikaamua kusema kabla sijafikiri mara ya pili.

“Nyanya, ile Desemba nilitafuna.”

Hakuinua macho kwenye sinia ya maharagwe aliyokuwa akichambua. “Nilijua. Ulimi ulikuwa kijani. Nilikuwa nangoja uniambie.”

Nikatoa vidole shingoni, nikavuta sinia, nikaanza kuchambua.