Mvua Iishie Magarini

Mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada, katikati ya miaka ya themanini, mzee wa kanisa letu alijipa kazi ya kumpangia Mungu kazi. Alikuwa mtu wa bara, msimamizi kwenye mabwawa ya chumvi ya Marereni. Kutwa aliwaambia vibarua wasimame wapi na wabebe nini, na alipofumba macho kuomba hakuacha mazoea yake.

Kila Jumatano alasiri tulikutana kuwaombea watu wa ukame. Shida ilikuwa moja. Chumvi hutaka jua. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, yakikauka, waume zetu wanakwangua kinachobaki. Mvua ikinyesha chumvi yote inayeyuka, na vibarua wanaambiwa wabaki nyumbani. Kanisa zima lilikula kwa jua, na kanisa hilohilo lilipiga magoti kuomba mvua.

"Baba, leta hii mvua kule kwa wale watu," mzee alinguruma. "Mito ijae, mashamba yajae. Lakini Baba, iishie Magarini. Wewe unajua huku tuko na chumvi."

Hapo ndipo Amina ilipopaa. Wanawake waliokuwa wakisinzia waliamka kuitikia.

Mimi nilisaga meno. Hao "wale watu kule" walikuwa mama yangu. Alikaa peke yake ndani huko nyuma ya Magarini, mbali na bahari, kwenye shamba ambalo halikutoa hata bua moja, na unga aliokula ulitoka kwenye mshahara wa mume wangu, nikampelekea mwenyewe. Kwa hiyo nilitaka mvua kwake na jua kwangu. Kilichonikera kuliko yote ni kwamba sikuwa na ombi lililo bora kuliko la yule mzee.

Basi mvua ikaja. Ikanyesha Marereni. Ilitoka baharini ikatumwagikia sisi, mabwawa yakafurika, chumvi iliyokuwa tayari kukwanguliwa ikarudi kuwa maji. Magarini hawakupata hata manyunyu. Mume wangu alirudi na koleo begani, akaliegemeza ukutani, na hapo likakaa. Jumatano iliyofuata mzee alitueleza kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Nilitoka nje eti nikambembeleze mtoto, na mtoto alikuwa amelala fofofo mgongoni.

Unga ulikuwa unaelekea kwisha, na sikuwa na cha kumpelekea mama. Nikiwa bado nawaza nitamwambia nini, akapiga hodi mwenyewe. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo inahesabika, lakini uso ulimng'aa.

"Nimesikia mumenyeshewa!" alisema kabla sijamwamkia. "Mulungu asifiwe. Mwezi mzima nawaombea nyinyi. Nilimwambia, mimi niache, anza na mwanangu, ana watoto wadogo."

Nilikaa chini.

"Mama, mvua imeharibu chumvi. Baba watoto hana kazi."

"Mvua huharibu nini, mwanangu?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio. Alinisikiliza kwa heshima, na nikaona kabisa kwamba haniamini. Maisha yake yote alikuwa mkulima, na hakuwahi kusikia watu wanaodhuriwa na mvua. Alinisubiri nimalize, kisha akafungua fundo la leso aliyoibeba kifuani.

Yalikuwa mahindi meupe ya mbegu, meusi kidogo kwa moshi wa meko alikokuwa ameyatundika. Miezi yote ile alikuwa akichuma mboga ya mchunga porini na kuuchemsha, na mbegu hizo zikining'inia juu ya kichwa chake.

"Nimewaletea mupande," alisema.

Tupande wapi? Nje ya mlango wetu udongo ulikuwa na chumvi hata majani hayaoti. Nikampandishia sauti mama yangu mzazi, mgeni wangu, kabla sijampa maji. Kwa nini hakuzila? Alikuwa akizihifadhi ili aje azikwe nazo?

"Mbegu si chakula," alinijibu, na yeye sasa amekasirika.

Tulinuniana siku kadhaa, hadi unga ulipokwisha. Jioni hiyo nilibandika sufuria ya maji bila kujua natia nini. Mama aliyatazama yakichemka, akatazama watoto, akafungua leso na kumimina mbegu zote.

Zilichelewa kuiva. Nilipozipakua kwenye sinia, watoto wakanyoosha mikono, mama akaizuia.

"Ngojeni. Kwanza tuwaombee wenye njaa."

Uvumilivu ukaniishia. "Mama! Wenye njaa si ndio sisi?"

"Sisi tunakula," alisema, akafumba macho.