Nani Aliyewatuma Kwangu

Wainjilisti nawajua kutoka mbali. Wakija hapa sokoni Kithimani, kwanza wanauliza bei ya ndengu kama watu wa kununua, halafu wanakuuliza ukifa leo utaenda wapi. Mimi huwajibu, "Nitaenda Mwala, tuko na shamba huko." Wengi huondoka.

Mama mmoja kati yao hakuondoka. Alivuta mtungi mtupu wa plastiki, akaukalia, akaanza kunisaidia kutoa mawe kwenye ndengu. Alhamisi iliyofuata akarudi. Wala hakuhubiri! Hapo ndipo nilipomshuku kabisa, kwa sababu mtu wa kanisa asiyehubiri ana jambo.

Mimi na kanisa tuliachana binti yetu alipofariki. Homa ilimshika, nikataka hospitali, mchungaji akasema tufunge tuombe kwanza, na mume wangu akakubaliana naye. Tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Tulimzika shambani Mwala, tukahamia huku. Na bado kila Jumapili mume wangu alivaa suti, akachukua Biblia, akaenda. Wuui! Hiyo suti ilinichoma roho. Tuliishi kama wapangaji wawili, salamu na chakula basi.

Siku moja, mikono ikiwa ndani ya ndengu zangu, yule mama akaniita Mama, akamalizia na jina la binti yangu. Nilishtuka. Hapa sokoni naitwa Mama Ndengu tu. Jina la mtoto sijamwambia mtu.

"Nani amekutuma?"

"Mama, mimi nakutembelea tu..."

"Usinidanganye! Ni mume wangu, sivyo? Yeye anaimba huko mbele kanisani, halafu anatuma watu wanichunguze. Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Alijipangusa mikono kwa leso, polepole.

"Ni yeye," akasema. "Lakini haimbi popote. Hajaingia kanisani tangu mazishi. Nilimkuta Mwala nikihubiri nyumba kwa nyumba. Kila Jumapili anafika pale na suti yake, anavua koti, anapalilia kaburi. Nilimwambia Yesu anampenda. Akaniambia nisipoteze wakati wangu, yeye hasameheki. Akaniomba nije nikuangalie wewe, kama unakula, kama unacheka na watu. Alisema nyumbani hathubutu kukuuliza."

Nilimkasirikia yule mama kwa kunificha, nikamkasirikia mume wangu zaidi, kisha nikalia mbele ya wateja bila aibu yoyote. Sikuokoka. Mpaka leo sijaokoka, na nikimwona mwinjilisti anakuja bado nafunika ndengu zangu.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikuwa amesimama mbele ya kioo, anafunga tai. Nilitoa jembe nyuma ya mlango.

"Ngoja," nikamwambia. "Leo tunaenda wote."