Nilisema Wageni Wanakuja

Nilisema "wageni". Kosa langu ni hilo moja. Mpaka leo, nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi na likanijia ghafla, mkono husimama wenyewe na wali wa watu unachelewa.

Miye ni mhudumu wa afya wa mtaa, wale mnaotuona tukipita na mkoba na daftari, tukipima watu presha vibarazani na kuulizwa kama safari hii tumekuja na vyandarua. Nakaa Kikwajuni lakini wagonjwa wangu wako Mji Mkongwe. Watalii wanaipiga picha milango ya kule. Miye naingia ndani ya hiyo milango, napanda ngazi, na najua kilichoko juu.

Bibi nnayemzungumzia alikuwa juu kabisa, orofa ya tatu, chumba kimoja katika nyumba kongwe iliyogawanywa kwa familia nyingi. Watoto hakujaaliwa. Mume alishatangulia mbele ya haki. Riziki yake aliipata kwa kushona kofia za mkono mpaka macho yalipomkataa, na hata baada ya hapo alikuwa na kofia moja iliyofika nusu, ameifunga ndani ya leso, akisema ataimaliza. Ulimi wake haukuwa na kofia. Siku ya kwanza nilipofika mlangoni kwake nahema, aliniuliza kama nimekuja kutibu au kutibiwa.

Ugonjwa wake ulikuwa kifua, na ugonjwa wa kifua chake ulikuwa chumba. Dari lilivuja. Boriti mbili zilishaoza, chokaa ilibanduka ukutani vipande vipande, na nyuma ya kitanda kuvu jeusi lilipanda mpaka usawa wa mto anaolalia. Ndoo haikutoka katikati ya chumba, jua au mvua. Miguu ilimvimba, kwa hiyo kushuka zile ngazi kwenda hospitali ilikuwa shughuli ya kutwa nzima. Daktari aliyekuwa akimtibu aliniambia waziwazi: "Dawa nampa, lakini akirudi kulala mule ni kutwanga maji kwenye kinu. Huyu anataka chumba kikavu cha chini kabla ya masika. Masika ijayo ikimkuta kule juu, mimi sina dawa."

Basi nikajua kazi yangu. Chumba kikavu, cha chini, kabla ya masika.

Zamani ningeishia kusikitika. Hospitali na ofisi ya nyumba zilikuwa kama wake wenza, wanakaa mji mmoja na hawaamkiani. Lakini mwaka ule ukaja mpango wa kuwapatanisha. Fomu moja: upande huu daktari anaandika maradhi, upande wa pili ofisa wa nyumba anaandika hali ya makaazi, na nakala inakwenda kote kuwili. Tuliitwa kwenye semina, tukapewa kalamu na soda. Nilifurahi, sitosema uwongo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mara hii kitu kimefanywa na watu wenye akili.

Na chumba kilikuwepo! Kimoja, cha chini, hapahapa Kikwajuni nyuma ya kwangu, dirisha lake linaingiza jua la asubuhi. Nilikwenda kukichungulia mara tatu. Nilipomhadithia bibi, hakuniuliza ukubwa wala choo. Aliuliza tu, "Na majirani wakoje?" Nikamwambia jirani ni miye. Akasema basi afikirie tena.

Daktari akajaza upande wake, akaandika kwa herufi kubwa, na sikuwahi kuona daktari akiandika kitu kikasomeka vile. Kilichobaki ni ofisa wa nyumba kwenda kukagua. Nikapanda kumpa bibi habari.

"Hodi, hodi!"

"Karibu, mwanangu, ukijaaliwa kufika."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa kitako kwanza. Leo kifua chako kinalia kuliko changu."

Nikakaa. Na pale ndipo neno lenyewe liliponikwama. Ukaguzi. Utamwambiaje mtu mzima, umri wa mama yako, kwamba kuna mtu anakuja kumkagua? Samaki ndiye anayekaguliwa, anafunuliwa mashavu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea Makunduchi kwa kofi na adabu, na adabu ndiyo iliyosema kabla yangu: "Bibi, Jumatano utapata wageni. Nitakuletea bwana wa ofisi ya nyumba, kwa ile habari ya chumba."

Uso wake ukafunguka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na miye nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akauliza, "Watu wa ofisini wanakula nini?"

"Hali kitu, bibi. Atakaa kidogo tu."

"Toba! Mtu aingie kwangu atoke mdomo mkavu? Nenda zako huko."

Nikashuka nacheka. Yarabi, nilishuka nacheka.

Jumatano nikamleta ofisa. Kijana wa heshima, suruali imepigwa pasi, ana ubao wa karatasi mkononi, na tangu ngazi ya kwanza ananisemesha vizuri. Tulipofika orofa ya pili nikasikia harufu ya udi. Wallahi nilijua kabla sijaufikia mlango.

Chumba sikukitambua. Kuta nyeupe pee, zimepigwa chokaa siku mbili mfululizo na jirani wa chini, mama mmoja mwenye roho nzuri ambaye siku ile ningemnyonga. Ndoo haipo. Mkeka mpya wa kuazima umetandikwa pale pa ndoo. Viti viwili vya kuazima. Nyuma ya kitanda, juu ya lile kuvu, limetundikwa shuka la kutarizi la harusi yake. Chetezo kinafuka udi dirishani, udi ambao daktari alishamkataza. Kahawa, na visheti kwenye sahani ya maua. Na yeye mwenyewe kakaa kitandani kajinyoosha, kanga mpya, wanja machoni, anakimeza kikohozi.

"Mashallah, bibi," ofisa akasema. "Pazuri kwako."

"Pazuri kwa kuja kwako, mwanangu. Karibu."

Akauliza maswali ya kwenye fomu, moja baada ya moja. Hali? "Alhamdulillahi, sina neno." Kifua? "Kifua cha utu uzima tu, nshakizoea." Ngazi? "Ngazi ni mazoezi, daktari hasemi mtembee?" Nikamkonyeza. Akajifanya hakuniona. Ofisa akageuza karatasi.

"Na mvua ikinyesha, bibi, kunavuja?"

Akamtazama mgeni wake, mwenye kisheti mkononi.

"Mvua ni rehema, mwanangu," akasema. "Ongeza kahawa."

Sikuweza tena. Nikasimama nikaubandika mkono ukutani, nikasema, "Bwana ofisa, hebu njoo uguse hapa. Chokaa mbichi hii, chini yake maji matupu." Kiganja kikatoka cheupe, kimerowa. Nikataka kwenda kulivuta na lile shuka. Bibi akanikata jicho. Sijawahi kukatwa jicho namna ile, wala na mama yangu. Ilikuwa kama nimemvua nguo mbele ya mwanamme. Nikaufutia mkono kwenye buibui langu, nikakaa, nikanywa kahawa.

Nilisema kosa langu ni moja. Basi ni mawili.

Majibu yakaja baada ya wiki mbili, na muhuri: Makaazi yanafaa. Nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimepandisha hasira. "Nyumba njema si mlango!" nikamwambia, watu wote wakageuka. "Mwanamke mzima anakufa kule juu, weye umeona chokaa!"

Hakunipandishia. Hilo ndilo lililonimaliza. Akasema kwa upole, "Dada, miye naandika nnachokiona na nnachoambiwa. Yeye kasema hana neno. Ukuta ulikuwa mkavu kwa macho, na chokaa mpya yoyote huurowesha mkono. Nimwandike bibi wa watu kuwa mwongo?" Kisha akaniambia niombe upya, awamu nyengine itafunguliwa.

"Lini?"

"Baada ya masika."

Kile chumba akapewa mama mmoja mwenye mtoto asiyetembea. Nawaona kila asubuhi, mtoto kaanikwa dirishani kwenye jua, na ananipungia mkono. Hata kuwachukia sijapata njia.

Bibi nilimwambia bado wanazungumza. Nilimwomba nimlete ofisa mara ya pili, nje ya utaratibu, kama fadhila, na safari hii tukiache chumba kilivyo, na ndoo yake. "Mgeni nimkaribishe kwenye ndoo?" akasema. "Unataka niumbuke ndipo nisaidiwe?" Jibu lilikuwa ndiyo; nikafunga mkoba. Ndivyo fomu ilivyotaka.

Masika ikaja. Ile chokaa ilishuka kwa siku tatu, ikamwangukia mpaka kwenye shuka. Kifua kikajaa. Wanaume wanne wa barazani wakamteremsha juu ya kiti, kimoja katika vile viwili vya wageni, kilikuwa hakijarudishwa kwa mwenyewe. Hospitali akalazwa kitanda kikavu, na baada ya siku chache nikamkuta kalala, kifua kimenyamaza. Nikasimama pale mlangoni pa wodi nikisikiliza ule ukimya. Nikasema, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Daktari wetu alikuwa safarini. Aliyekuwepo alikuwa mwengine, mtu mwema naye, na mwema zaidi kwa kuwa alisoma faili lote. Nikamwomba amwache bibi akae mpaka masika ipungue, kwa sababu kwake hapafai. Akafungua kurasa. Fomu ikawemo. Haikupotea, haikuchelewa, mara ya kwanza katika maisha yangu kuona karatasi ya ofisi moja imefika ofisi nyengine salama usalimini. Akanionyesha muhuri kwa kidole.

"Hapa wameandika panafaa," akasema. "Amepata nafuu, na yuko mgonjwa mwengine anasubiri kitanda. Atarudi nyumbani."

Nikamweleza. Nikaeleza udi, nikaeleza chokaa, nikaeleza shuka la harusi, na nikijisikia mwenyewe naona nasema kama mwehu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatia saini. Kwa hiyo msiniambie ule mpango ulishindwa. Mpango ulifanya kazi. Ofisi mbili ziliamkiana, na walichoambiana ndicho kilichomrudisha bibi orofa ya tatu.

Hakuimaliza masika. Msibani wanawake walikuwa wakisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua," wakitikisa vichwa. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba hakuficha maradhi, alipokea mgeni, na mgeni nilimleta miye. Nikaenda kuosha sahani. Jirani wa chini alikuwa pale anaosha naye. Ile kofia ya nusu imo ndani ya leso, kabatini kwangu. Sijui kushona.

Sasa nikienda kwa wagonjwa nasema "wakaguzi" waziwazi, kwa sauti kavu, na nikifika siku yenyewe nakuta chumba kimefagiwa na kahawa iko tayari. Nshachoka kushangaa.

Lakini si msiba nnaoukumbuka. Nakumbuka siku ile tunamrudisha, wale wanne wamembeba kwa kile kiti, mvua inapiga mabati ya jirani. Orofa ya pili wakamtua wavute pumzi. Kifua kilishaanza tena kulia. Akanishika mkono akanivuta, niiname, wale wanaume wasisikie.

"Yule mgeni wetu," akasema. "Aliridhika?"

Nakala ya fomu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na muhuri wake.

"Aliridhika, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akawaambia wampandishe.