Mche wa Mwisho wa Bibi

Bibi yangu ni fundi cherehani, na hajawahi kuacha kitu kikae kama kilivyo. Mpelekee suruali apunguze kiuno, atakurudishia imepunguzwa kiuno, miguu na heshima.

Nyumba ya mama yake ilipouzwa, mnunuzi alipanga kumwaga saruji ua mzima. Bibi akakimbilia huko na jembe, akachimbua miche mitatu ya ua la mwitu la njano, lile linalokauka kila mwaka na kuchipua tena kutoka mzizi uleule. Mama yake alilipenda sana, na Bibi hakuwa na kumbukumbu nyingine yake. Akaipanda mbele ya nyumba yetu, kwenye mchanga mtupu na jua la utosi.

Hapo ndipo panapolifaa ua hilo, halitaki kubembelezwa, lakini nani amwambie Bibi? Mche wa kwanza aliushindilia mbolea ya kuku mpaka ukaungua. Wa pili aliumwagilia asubuhi, mchana na jioni, ukaoza mzizi. Ukabaki mmoja, na usingizi ukamhama.

Mara akateleza bafuni, akavunjika mguu. Kazi ya kumwagilia akampa Babu, fundi saa ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati.

"Umemwagilia?" Bibi alipaza sauti kutoka kitandani.

"Tangu asubuhi, mama watoto!"

Uongo mtupu. Babu alikuwa kajilaza barazani, gazeti usoni, ndoo kavu kuliko mchanga wenyewe.

Baada ya miezi miwili Bibi alitoka na mikongojo, akakuta mche umetoa maua matano kwa mpigo. Akamsifu Babu mbele ya majirani, mara ya kwanza tangu harusi yao. Babu alizivumilia sifa hizo siku mbili, kisha, wakiwa mbele ya mche, zikamshinda.

"Mama watoto, sikumwagilia hata tone."

Bibi akamkodolea macho. Sisi wajukuu tukaanza kutafuta pa kukimbilia.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nilikuwa nalala."

Bibi akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka. "Mzee wewe! Mimi na bidii zangu nimemzika mama mara mbili, na uvivu wako ndio umenibakishia yeye!" Kicheko kikageuka kilio, wala hakukificha.

Babu hakujua la kufanya, kwa hiyo hakufanya kitu. Alikaa tu mchangani pembeni yake, wakayatazama maua hadi jua likawafukuza.