Uhakiki Wangu wa Mzee Barasa

Mtu akisifu masikio yangu mimi hutazama chini, kwa sababu wako watu Mabanga ambao hadi leo wakiniona wanaigiza sauti ya mzee, na wana haki.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mwalimu hapa Kitale na nikajiona mhakiki wa muziki (cheo nilijipa mwenyewe), basi nikaletewa kutoka Bungoma kaseti mbili za mwimbaji aliyejirekodia nyumbani na gitaa lake, nyimbo za kutafakari mwanzo hadi mwisho, juu zimeandikwa kwa kalamu "S. Barasa" na basi, nikaombwa nisome maoni yangu siku ya uzinduzi kule Mabanga, maana mwenye duka moja la kaseti anayeuza hadi Lwakhakha alikuwa amesema atazichukua mhakiki akizipitisha.

Betri za redio yangu zilikuwa zimechoka. Badala ya kununua mpya nikazianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya, nikasikiliza pande zote nne, na jamani, nililia! Sauti nzito, ya polepole, kila neno linavutwa kama gunia la mahindi. Nikaandika kurasa sita.

Ukumbi ulijaa. Nikasimama na tai yangu nikasoma: "Mzee Barasa amezika wengi, na dunia imemchosha." Nikasikia kicheko nyuma, nikadhani wameguswa (watu wengine huguswa hivyo), nikapaza sauti, nikafika hadi kwenye magoti yake yanayomuuma, ndipo msichana mwembamba mwenye gitaa akasimama, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, S ni Selina. Ni mimi. Kwani ulisikiza kaseti ya nani?"

Mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasema ati nina ushahidi, nikatoa redio kwenye mkoba, nikabonyeza. Betri zile chovu zikaizungusha kaseti polepole, ikatoka sauti ya mzee kabisa, inajiburuta, watu wakavunjika mbavu, mwenye duka akachukua kofia yake akaelekea mlangoni, na Selina akaketi akafunika uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha mama yake akainuka pale mbele, akanyoosha mkono.

"Wacheni kucheka, bana. Huyo ni baba yake. Hiyo ni sauti ya Barasa kabisa."

Barasa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyimbo zote zilimhusu yeye, na katika kurasa zangu sita hilo sikuligundua. Mwenye duka akarudi akaketi, kofia magotini, tukasikiliza mpaka betri zikakata roho. Ndipo Selina akaimba mwenyewe, sauti nyembamba, safi, na mwenye duka akabeba boksi zima la kaseti bila kuniuliza chochote.

Tangu siku hiyo sijaombwa uhakiki tena, nami nimeapa sitasema neno juu ya wimbo wowote kabla ya kununua betri mpya. Zile za zamani sina. Mama Selina alinifuata hadi mlangoni, kiganja wazi.

"Mwalimu, nipatie hizo betri. Nitakuwa naanika mwenyewe."