Siku Gobore Lilipogoma Nyakahura

Jamani, hii habari wengine mmeisikia nusunusu pale sokoni Nyakahura, tena imetiwa chumvi, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na niliipata mchana kweupe, mbele ya wazazi, katekista na watoto wa watu.

Mimi na mwenzangu Dafroza hujitolea kwenye kambi ya vijana, tunawafundisha kulishika gobore kwa usalama, kwa sababu huku kwetu magobore ya kufukuzia ngedere na nguruwe pori yapo, na kijana asipofundishwa atajifundisha mwenyewe. Kanuni yetu kubwa ni hii: gobore likigoma, usilishushe wala usilichungulie. Liache limeelekea kwenye shabaha, uhesabu polepole dakika nzima, kwani moto unaweza kuchelewa humo ndani.

Siku ya wazazi zamu ya kuonyesha ilikuwa ya Dafroza, lakini nilipomwona Mama Evodia amekuja kutoka Mugoma kumtoa kambini binti yake Evodia, nikasema hapana, leo napiga mimi. Kijana mkubwa wa yule mama alipoteza jicho kwa kuchungulia gobore lililogoma, na tangu hapo hakutaka hata kulisikia likitajwa. Basi nikavua mkanda wangu nikafungia shabaha iliyokuwa inayumba (suruali yenyewe ya kaka yangu, mtu wa kitambi), nikaanza kushindilia huku nasalimia, shikamoo mzee, shikamoo mama, nikaweka fataki ya kuwashia baruti, nikalenga, nikafyatua.

Ta! Kimya.

"Limegoma!" nikatangaza kwa sauti ya mwalimu. "Kanuni inasemaje?"

"Usishushe!" vijana wakaitikia nyuma yangu.

Nikaanza kuhesabu, na kabla sijafika mbali nikasikia kitu kinapanda mguuni, kumbe nimesimama kwenye njia ya siafu, na siafu hawana adabu, wakapanda mpaka pasiposemeka, nikatingisha kiuno mara moja tu (mara moja, jamani!) suruali ikashuka hadi kwenye vifundo, nikabaki na chupi yenye tundu, mikono yote miwili iko kwenye gobore, machozi yananitoka, na kuhesabu siwezi kuacha.

"Geukeni!" Evodia akawaambia wenzake.

Vijana wote wakageuka wakanipa migongo, na nilipokwama kwa maumivu wakanihesabia wao, kwa sauti, mpaka dakika ikaisha.

Dafroza akaja akalikagua taratibu, akaninong'oneza, "Kaka, baruti hukuweka."

Yaani niliteseka bure! Nikacheka mwenyewe, ndipo uwanja mzima ukaangua kicheko, hata katekista akashika mbavu.

Mama Evodia hakucheka. Alikuja akanifunga kitenge chake kiunoni, akanitoa siafu mgongoni mmoja mmoja kama mtoto wake wa kumzaa. "Wihangane, mwanangu," akasema (ndiyo pole ya kwao). "Wangu angekuwa na mtu wa kumfundisha kusimama hivi, leo angeona kwa macho yote mawili."

Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe baki. Ujifunze vizuri."

Tangu siku hiyo maonyesho nimemwachia Dafroza, na sishindilii tena huku nasalimia watu, hata apite askofu. Ila likinigomea tena nitasimama vilevile, watu wacheke wachoke.